Kabla Bruchi ya Maua Haijafika kwa Sonara

Kwa masonara wa Garissa na wa masoko ya Ifo, Dagahaley na Hagadera, kambi za wakimbizi za Dadaab, pambo huuzwa kwa mizani. Sonara hupokea bangili au hereni, huangalia karati, hukata uzito wa jiwe au kioo kilichopachikwa, kisha hutaja bei ya siku hiyo. Kwa bangili ya kawaida utaratibu huo ni wa haki, na mama anayetafuta karo au nauli ya kumpeleka mgonjwa Garissa huondoka na pesa zake mkononi. Lakini lipo pambo moja ambalo mizani hiyo hulidhulumu kabisa: bruchi, kikuku au kijisanduku cha Italia chenye picha ya maua iliyojengwa kwa chembe za kioo ndogo kuliko punje ya ufuta. Fremu yake mara nyingi ni shaba iliyopakwa dhahabu, haina bei. Kile kioo kinachong'olewa kwa ncha ya koleo na kutupwa ndicho mali yenyewe.

Msomaji atauliza pambo la Italia lingefikaje Dadaab. Njia ipo, na ni ya wazi. Mwaka 1892 Sultani wa Zanzibar aliikodishia Italia bandari za Benadir: Barawa, Marka, Mogadishu na Warsheikh. Mwaka 1905 bandari hizo ziliuzwa kwa pauni 144,000. Mwaka 1925 Uingereza ikaikabidhi Italia eneo la Jubaland pamoja na Kismayu, ambalo hadi hapo lilikuwa sehemu ya Kenya. Ingawa majeshi ya Uingereza yaliingia Kismayu na Mogadishu Februari 1941, Waitaliano walirudi kuisimamia Somalia chini ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi uhuru wa 1960. Hiyo ni karibu miaka sabini ya maofisa, wafanyabiashara, walimu na wake zao kuishi miji ileile ambayo familia nyingi za Dadaab ziliikimbia. Vitu vya nyumbani viliuzwa, vikatolewa zawadi, vikaachwa kwa wapishi na mayaya.

Vita vya Somalia vilipowafukuza watu mwaka 1991, Ifo ikafunguliwa, kisha Dagahaley na Hagadera mwaka uliofuata. Kambi hizo tatu zilipangwa kwa ajili ya watu 90,000, lakini kufikia 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000. Anayekimbia kwa miguu habebi kabati. Hubeba kilicho chepesi, kinachofichika ndani ya nguo na kinachoweza kuuzwa. Si familia nyingi zenye bruchi ya namna hii, na makala haya hayamwahidi mtu utajiri. Ila aliye nayo anastahili kujua ameshika nini kabla ya kuitoa.

Sanaa hii ya picha za chembe za kioo ilizaliwa Vatikani. Mwaka 1727 karakana ya mozaiki ya huko iliwekwa rasmi, na kazi yake kubwa ilikuwa kunakili kwa kioo picha za rangi za mafuta zilizokuwa zikiharibiwa na unyevu ndani ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Fundi kioo Alessio Mattioli aliwapatia mafundi kioo kizito kisichopitisha mwanga, cha rangi nyingi kuliko zilizowahi kuonekana, zikiwamo zambarau na nyekundu zilizokuwa ngumu kupatikana. Kazi za kanisani zilipopungua, mafundi wakaanza kujitafutia riziki nje. Giacomo Raffaelli alionyesha mozaiki zake ndogo jijini Roma mwaka 1775, na tangu hapo wageni matajiri kutoka Uingereza, Urusi na Ufaransa hawakutaka kurudi makwao bila kifuniko cha kisanduku, pete au bruchi yenye magofu ya Roma, njiwa wanaokunywa maji, au shada la maua ndani ya chombo.

Utengenezaji wake unafaa kueleweka vizuri, kwa sababu ushauri wote wa kulitunza pambo hili unatokana nao. Fundi huchukua donge la kioo cha rangi, hulilainisha kwenye mwali wa moto, kisha hulivuta kwa koleo mpaka liwe uzi mrefu wenye unene usiofika milimita moja. Uzi ukipoa hukatwa vipande vya milimita chache. Msingi wa picha ni bamba la shaba nyekundu, kioo cheusi au marumaru nyeusi, lililochimbwa kidogo katikati. Ndani ya shimo hilo hupakwa gundi nzito ya unga wa mawe, chokaa na mafuta ya kitani. Gundi hiyo hukauka polepole sana, na huo ndio ubora wake, maana fundi anapata muda wa kupanga, kutazama, kung'oa na kupanga tena. Kwa kibano, kila chembe husimamishwa wima ndani ya gundi. Tunachokiona sisi ni kichwa chake tu. Mwili umezama chini. Picha ikikamilika na gundi ikiwa imekauka, uso husagwa mpaka uwe tambarare, mianya hujazwa nta ya rangi inayofanana, kisha husuguliwa ung'ae kwa kiasi. Kazi bora zimehesabiwa kuwa na chembe 3,000 hata 5,000 katika inchi moja ya mraba.

Maua ndiyo yaliyompima fundi kuliko magofu. Ukuta uliobomoka unasamehe rangi ikikosewa kidogo, waridi halisamehi. Petali moja ya waridi huanza na wekundu mzito karibu na moyo wa ua, hufifia taratibu, na ukingoni huwa karibu nyeupe, tena ikiwa imepinda. Mwanzoni mwa karne ya 19 Antonio Aguatti alipata jawabu: alivuta rangi kadhaa kwa pamoja katika uzi mmoja, hivyo kichwa cha chembe moja kikabeba kivuli na nuru. Chembe nazo zikaanza kukatwa kwa maumbo, yenye mpindo kwa ukingo wa petali, ndefu kwa kikonyo, ya duara kwa tone la umande. Anayeitazama kazi kama hiyo kwa lenzi huona mkono wa mtu ukifikiri.

Wakazi wa kaskazini mashariki wanaujua uzi wa kioo kwa jina jingine. Shanga ndogo zilizokatwa kutoka mrija wa kioo uliovutwa kwa moto zilitoka Venisi, zikapitia Zanzibar na kuingia bara pamoja na misafara ya karne ya 19. Zile nyekundu zenye moyo mweupe ziliitwa samisami na ziliheshimiwa kama fedha. Kwa hiyo mwenye shanga za zamani za bibi yake naye asiharakishe kuzibadilisha kwa mpya. Hata hivyo hizo zina habari zao.

Sasa turudi kwenye bruchi iliyo mkononi. Kazi ya kwanza ni kuitazama, na simu ya kawaida inatosha. Toka nje asubuhi kabla jua halijawa kali, kaa kivulini, washa kamera na usogee mpaka pale picha inapoanza kutia ukungu, kisha rudi nyuma kidogo. Kama simu haisogei karibu vya kutosha, dondosha tone dogo kabisa la maji juu ya lenzi, geuza simu taratibu tone lining'inie, na utapata lenzi ya kukuzia bila gharama. Futa mara moja ukimaliza. Piga picha ya ua moja, si ya bruchi nzima, na uikuze.

Yapo mambo matano ambayo picha hiyo inaweza kuonyesha. Ukiona nukta nukta za wino zilizo sawasawa, hiyo ni karatasi iliyochapwa na kufunikwa kwa plastiki. Ukiona alama za brashi, ni mchoro juu ya kauri. Ukiona kila ua ni kipande kimoja cha duara chenye petali zote ndani yake, hicho ni kioo cha Murano, ambapo ua zima hutengenezwa ndani ya fimbo ya kioo na kukatwa vipande vyembamba; ni kizuri, lakini ni kazi nyingine. Ukiona kila petali ni kipande kimoja kikubwa cha jiwe chenye mistari ya asili, kimelazwa ndani ya marumaru nyeusi na kuungana bila mwanya, hiyo ni kazi ya Florence, mji ambao karakana yake ya mawe magumu ilianzishwa 1588. Hiyo nayo isivunjwe, maana ina wanunuzi wake.

Ukiona ua limejengwa kwa chembe nyingi zilizotenganishwa na mistari myembamba, umefika kwenye mozaiki. Hapo tenganisha nzee na mpya. Chembe ndogo za mraba zilizopangwa kwa safu zilizonyooka, hasa kwenye usuli nyuma ya maua, huelekeza mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa 19. Chembe zenye maumbo na rangi zilizochanganyika ndani yake huelekeza karne ya 19. Chembe kubwa zinazohesabika kwa jicho, mianya mipana, maua ya rangi kali juu ya usuli wa buluu, mweupe au mweusi, fremu ya shaba yenye vinundu au ukingo uliosokotwa: hiyo ni bidhaa ya watalii, iliyotengenezwa kwa wingi kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 na kuendelea karne nzima ya 20. Kwa kuangalia tu miaka ambayo Waitaliano walikaa Mogadishu, hii ya mwisho ndiyo inayotarajiwa zaidi Dadaab. Mwenye nayo asikate tamaa, ila asidanganywe na yeyote atakayemwambia ameshika hazina ya wafalme.

Geuza upande wa nyuma. Maneno "Italy" au "Made in Italy" yanaonyesha kitu cha baada ya 1891, mwaka ambao sheria ya forodha ya Marekani ilianza kudai bidhaa zitaje nchi zinakotoka, na mara nyingi ni cha karne ya 20. Namba 800 ni fedha, yaani sehemu 800 katika 1,000. Namba 585 na 750 ni dhahabu ya karati 14 na 18. Kama pini inashikwa na ndoano ya kawaida isiyo na kifungo, bruchi huenda ni ya zamani. Ndoano yenye kifungo kinachozunguka ilienea katika karne ya 20. Dalili moja peke yake haitoshi, kwa kuwa pini huvunjika na kubadilishwa. Zikubaliane dalili tatu ndipo useme.

Utunzaji nao. Picha hii inashikiliwa na chokaa, mafuta na nta, na vyote vitatu vina maadui wa kila siku nyumbani. Ndimu na siki, vinavyopendwa kwa kung'arisha shaba, hula chokaa na marumaru. Kuloweka ndani ya maji ya sabuni hulegeza gundi iliyozeeka. Dawa ya meno hukwaruza. Spiriti na manukato ya kupulizia huyeyusha nta, kwa hiyo pambo livaliwe baada ya manukato kukauka. Katika nyumba za Wasomali lipo jingine linalosahaulika: moshi wa uunsi, yaani ubani wa kufukizia. Nguo zikifukizwa juu ya chetezo cha dabqaad huku bruchi ikiwa imebaki kifuani, utomvu wa moshi hutua juu ya kioo na kuingia kwenye mianya, na mwaka hadi mwaka maua meupe hugeuka manjano. Ivue kwanza.

Vumbi jekundu la Dadaab liondolewe kwa brashi laini na kavu, ile ya kupakia poda usoni, ikiwa safi. Inamisha bruchi ili vumbi lidondoke, usilisukume ndani ya mianya. Uchafu uliogoma uguswe kwa pamba iliyolowana kidogo sana na kukamuliwa, sehemu ndogo kwa wakati mmoja, na ukaushwe papo hapo. Mashine za masonara za kusafishia kwa mtetemo zisikaribie kabisa, chembe zitamwagika.

Mahali pa kuiweka panahitaji kufikiriwa. Bati la nyumba ya kambini huchemka mchana, na joto hulainisha nta. Sanduku likae chini, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, lakini lisikae sakafuni, maana mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliingia ndani ya nyumba za watu. Kimo kidogo juu ya mchanga kinatosha: matofali mawili, ubao, kisha sanduku. Bruchi ifungwe kwa kitambaa cha pamba kilichozeeka, kwenye kopo lake peke yake, isisuguane na bangili.

Chembe ikidondoka, iokote na uihifadhi kwenye kichupa cha dawa kilichokauka, hata kama ni moja. Usiguse supaglu. Gundi hiyo hupanda juu ya kioo, huacha alama inayong'aa, na fundi stadi atakayekuja baadaye hataweza kuitoa bila kuharibu chembe za jirani. Bruchi yenye matundu matatu na chembe zake ndani ya kichupa ina thamani kuliko bruchi iliyojazwa supaglu na rangi ya kucha.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni maandishi. Mnunuzi wa vitu vya kale hulipia picha na hulipia pia habari zake. Kaa na ayeeyo, yaani bibi, au babu angali na kumbukumbu, umuulize: ilinunuliwa au ilitolewa na nani, mji gani, mtaa gani, nani alikuwa akifanya kazi gani, ilivukaje mpaka wa Liboi. Andika kwa maneno yake, weka tarehe, aweke sahihi au kidole. Piga picha mbele, nyuma na pembeni, bruchi ikiwa kando ya rula au sarafu ya shilingi ishirini, ili ukubwa ueleweke. Tuma nakala kwa ndugu mmoja aliye mbali na kambi. Picha ya zamani ya arusi inayoonyesha bruchi hiyohiyo kifuani ni ushahidi ambao hakuna dalali anayeweza kuupinga.

Kama uamuzi ni kuuza, anza kwa sonara, lakini kwa swali moja tu: fremu ina uzito gani na ni ya madini gani? Jibu lake ni bei ya chini kabisa, ile ambayo hupaswi kushuka chini yake. Usiiache dukani. Kisha tafuta bei ya picha. Mkimbizi haendi Nairobi bila kibali cha kusafiri, kwa hiyo simu ifanye safari hiyo. Nyumba kubwa za mnada za London hupokea picha kwa intaneti na kutoa makadirio bila malipo. Anayedai ada kabla ya kukadiria aachwe. Makumbusho ya Victoria and Albert ya London, yenye mkusanyiko wa Rosalinde na Arthur Gilbert, yameweka picha za mozaiki nyingi kwenye tovuti yake, na kuzitazama nusu saa kunafundisha jicho kuliko maelezo ya dalali. Ndugu walioko Minneapolis, Toronto au London wanaweza kuulizia bei huko waliko, na ni wao wanaofaa kuiuza ikibidi.

Kuhusu bei, ukweli usemwe. Bruchi ya watalii ya karne ya 20, ikiwa kamili, mara nyingi huuzwa kwa makumi ya dola. Kazi safi ya Roma ya karne ya 19 inaweza kufikia mamia hadi maelfu. Hata hayo makumi ni zaidi ya bei ya shaba kilo nzima, na kilo nzima haitoki kwenye bruchi moja.

Sheria nayo isisahaulike. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya, au kuingizwa nchini, kabla ya 1895, na kitu cha namna hiyo hakitoki nje bila kibali. Bruchi iliyovuka mpaka mwaka 1991 haimo katika maana hiyo, lakini barua kutoka Makumbusho ya Taifa inayothibitisha hivyo itakuokolea maswali kwenye uwanja wa ndege. Kitu chenye namba iliyoandikwa kwa wino au rangi nyuma yake, kama zile za makumbusho, usikinunue wala kukiuza: makumbusho ya Mogadishu yaliporwa vitani, na vilivyoibiwa humo ni mali ya taifa la Somalia.

Masonara wenyewe wanaweza kuokoa mengi. Anayelazimika kununua kwa uzito na anayetaka kuyeyusha fremu, afungue kingo kwa ncha taratibu na kulitoa bamba la picha likiwa zima, alihifadhi kavu, na amwambie muuzaji kwamba bamba hilo ni lake. Bamba lisilo na fremu bado lina mnunuzi. Bamba lililovunjika halina.

Na kwa familia zinazogawa mirathi: bruchi haigawanyiki kwa gramu kati ya warithi sita. Makadirio yafanywe kabla ya kikao, yaandikwe na kuonyeshwa kila mrithi, kisha mmoja aichukue kwa hesabu ya fungu lake au iuzwe wagawane fedha. Pakitokea ubishi, upo uwezekano wa kwenda kwa kadhi wa Garissa, na zile picha zilizopigwa kando ya sarafu ya shilingi ishirini ndizo zitakazoonyesha kwamba bruchi iliyoletwa mbele yake ni ileile iliyokuwa ya marehemu.